Mali bila daftari: Wahandisi wanaolinda fedha za simu, na mpaka wa Burgao

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwenye duka, daftari hilo ni kitabu kilichochakaa kando ya mizani. Kwa mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki wanaotuma na kupokea fedha kwa simu, daftari liko ndani ya seva wasizoziona, na wanaolilinda ni wahandisi wa programu wasiowajua.

Kazi ya wahandisi hao huzungumziwa zaidi kwa mishahara yake na kwa majengo ya vioo ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Wengi hudhani ni kazi ya kubuni kitu kipya kila mwezi. Katika kampuni ya teknolojia ya fedha iliyokwisha kukomaa, sehemu kubwa ya kazi ni nyingine: kuhakikisha kwamba fedha iliyotoka mfuko mmoja imeingia mfuko mwingine, mara moja tu, na kwamba mtu akiuliza habari zake baada ya miaka mitano, jibu lipo.

Uzito wa kazi hiyo huonekana vizuri zaidi ukitazamwa kutoka mbali na ofisi hizo, mahali kama Burgao. Hii ni bandari ndogo katika pwani ya Jubaland, kusini mwa Somalia, kati ya Kismayo na mpaka wa Kenya. Wenyeji wake wa asili ni Wabajuni, wanaosema Kibajuni, lahaja ya Kiswahili inayosikika pia Kiunga, Faza na Lamu. Ndugu wako pande zote mbili za mpaka, na samaki huuzwa pande zote mbili. Tangu Machi 4, 2024, Somalia ilipokuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, pande hizo mbili ziko ndani ya jumuiya moja. Fedha zao za simu, hata hivyo, bado zimeandikwa katika madaftari mawili tofauti.

Bandari moja, fedha nyingi

Burgao si mgeni wa fedha za kutoka mbali. Karibu mwaka 1912, enzi za Waingereza walioiita bandari hiyo Port Durnford, Mwingereza C. W. Haywood alisema amepata hapo mkusanyiko wa sarafu za kale: za Wayunani waliotawala Misri, za makaisari wa Roma, na nyingine za watawala wa Kiislamu wa Misri wa karne za baadaye. Wanaakiolojia wameutilia shaka mkusanyiko huo, kwa sababu ni vigumu sarafu za zama zilizoachana hivyo kuzikwa pamoja, na namna zilivyopatikana haikuandikwa ipasavyo. Hata hapo, kilichokosekana kilikuwa daftari.

Fedha za karne ya 20 hazina shaka hiyo. Mtu aliyezaliwa Burgao mwaka 1910 aliikuta rupia, kwa kuwa Jubaland ilikuwa chini ya Waingereza pamoja na Kenya. Mapema miaka ya 1920 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Jubaland kwa Italia, na lira ikaingia. Mwaka 1941 Waingereza waliwashinda Waitaliano vitani, shilingi ya Afrika Mashariki ikarudi. Mwaka 1950 Italia ilirejea kama msimamizi kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, ikaja fedha iliyoitwa somalo. Uhuru ulipatikana mwaka 1960, na mwaka 1962 shilingi ya Somalia ikachukua nafasi yake. Hizo ni fedha tano tofauti, moja ikija mara mbili, bila mtu huyo kuhama nyumba yake.

Kisha serikali kuu ilianguka mwaka 1991. Benki Kuu ilisambaratika, na noti zikawa zinachapwa na yeyote mwenye mtambo. Miaka mingi baadaye, Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria kuwa takriban asilimia 98 ya noti za shilingi ya Somalia zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa bandia. Vita viliwatawanya Wabajuni wengi hadi Lamu na Mombasa, na wengine hadi Uingereza. Tangu hapo, fedha ya kutumiwa na ndugu aliye mbali imekuwa sehemu ya bajeti ya nyumba nyingi.

Muamala mmoja, majibu matatu

Chukua mfano wa mchuuzi wa Kismayo anayemlipa mvuvi wa Burgao dola 40 kwa simu. Anaandika namba ya mvuvi, kiasi, namba ya siri, kisha anabonyeza. Mtandao unakatika. Skrini inabaki kimya. Kwa watu wawili hao kuna majibu mawili tu: fedha zimekwenda, au hazikwenda. Kwa mhandisi kuna jibu la tatu, na ndilo linalomkosesha usingizi: haijulikani.

Huenda ombi halikufika kwenye seva. Huenda lilifika, fedha zikahamishwa, na kilichopotea njiani ni ujumbe wa kuthibitisha. Mchuuzi akibonyeza tena, mfumo ulioandikwa vibaya utakata dola 40 nyingine. Mfumo ulioandikwa kwa hofu kupita kiasi utakataa malipo yote mawili, na mvuvi ataondoka ufukweni bila chochote.

Dawa yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuitekeleza. Kila ombi hupewa namba yake ya pekee kabla halijatoka. Seva ikipokea ombi, kwanza hutazama kama imewahi kuiona namba hiyo. Kama imeiona, haihamishi fedha tena. Hurudisha jibu lilelile la kwanza. Hivyo mchuuzi anaweza kubonyeza mara tano na fedha zikahama mara moja. Ugumu uko katika kuhakikisha sheria hiyo inafuatwa na kila sehemu ya mfumo: menyu ya simu, programu ya wakala, benki ya upande wa pili, na mtambo wa kutuma ujumbe mfupi. Sehemu moja ikisahau, kosa huingia kwa mlango huo.

Sheria ya pili ni ya wahasibu, na imekuwa katika vitabu vilivyochapwa tangu Mwitaliano Luca Pacioli alipoieleza mwaka 1494. Kila fedha huandikwa mara mbili, ilikotoka na ilikokwenda, na jumla ya pande hizo lazima zilingane. Mhandisi wa fedha haruhusiwi kuandika programu inayoongeza salio la mtu bila kuonesha salio lililopungua mahali pengine. Pia haruhusiwi kufuta. Muamala uliokosewa haufutwi. Huandikwa mwingine wa kuurudisha, ili daftari lioneshe kosa na marekebisho yake.

Sheria ya tatu huwashangaza wanafunzi. Kompyuta, kwa namna yake ya kawaida ya kuhesabu desimali, haiwezi kuiandika 0.1 kwa ukamilifu. Ikijumlisha 0.1 na 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Kwa mchezo wa kompyuta hilo si kitu. Kwa mfumo unaopitisha mamilioni ya miamala kwa siku, vipande hivyo vidogo hatimaye hufanya hesabu zigome kulingana. Kwa hiyo mifumo mingi huweka fedha kwa senti, kama namba nzima, na desimali huonekana kwenye skrini tu.

Kila siku, baada ya yote hayo, hufanyika ulinganishaji. Kenya na Tanzania zina sheria za mifumo ya malipo, ya mwaka 2011 na ya mwaka 2015, chini yake fedha za simu za wateja lazima ziwe na fedha halisi zilizohifadhiwa benki katika akaunti za dhamana. Wahandisi huandika programu zinazolinganisha daftari la kampuni na taarifa za benki, mstari kwa mstari. Tofauti ikitokea, hata iwe ndogo kiasi gani, haiachwi. Mara nyingi tofauti ndogo ni dalili ya hitilafu kubwa ambayo bado haijakomaa.

Kurithi nyumba yenye wapangaji

Kijana anayeingia katika kampuni iliyokomaa haanzi na ukurasa mweupe. Anakuta programu zilizoandikwa na watu waliokwisha kuondoka, kwa sababu ambazo wakati mwingine hakuna anayezikumbuka. Kazi yake inafanana na ya fundi aliyeitwa kubadilisha msingi wa nyumba ambayo wapangaji wake hawawezi kuhamishwa hata usiku mmoja.

Historia ya M-Pesa inaonesha jambo hilo. Majaribio yake yalianza Kenya mwaka 2005, yakilenga wakopaji wa taasisi ndogo ya fedha walipe mikopo yao kwa simu. Waliojaribiwa wakaanza kutumiana fedha wenyewe kwa wenyewe, na huduma iliyozinduliwa na Safaricom mwezi Machi 2007 ikajengwa juu ya tabia hiyo. Programu yake ya kwanza iliandikwa Uingereza, na kwa miaka mingi seva zake zilikuwa Ulaya. Ni mwezi Aprili 2015 tu mfumo ulipohamishiwa Kenya, juu ya mtambo mpya. Miaka miwili baadaye likafunguliwa lango la wahandisi wa nje, lililopewa jina la Daraja, ili duka, shule au hospitali iweze kuunganisha mfumo wake na M-Pesa. Septemba 2025 moyo wa mfumo ulibadilishwa tena, kazi iliyopangwa kufanyika saa za usiku wa manane ili isiwaguse wengi.

Mabadiliko ya aina hiyo huchukua miezi mingi ya maandalizi kwa ajili ya saa chache za utekelezaji. Mfumo mpya hutangulia kuendeshwa sambamba na wa zamani, majibu yao yakilinganishwa. Huandikwa mpango wa kwenda mbele, na mwingine, mrefu vilevile, wa kurudi nyuma mambo yakiharibika.

Nidhamu hiyo imo pia katika kazi ya kila siku. Anayeandika msimbo wa programu si anayeuidhinisha. Lazima mwenzake ausome kwanza. Anayeomba marekebisho ya salio la mteja si anayeyatekeleza. Wahandisi wengi hawaruhusiwi kuona taarifa halisi za wateja; hufanya majaribio kwa taarifa za kubuni. Kuna zamu za usiku, ambapo simu ya mhandisi hulia yenyewe mfumo ukianza kuchelewa kujibu. Kila tatizo kubwa likiisha, huandikwa ripoti inayoeleza kilichotokea, dakika kwa dakika. Katika kampuni zenye utamaduni mzuri ripoti hiyo haimtafuti wa kumlaumu. Inatafuta mlango uliomruhusu mtu mmoja kukosea kiasi hicho.

Wapo wanaochoshwa na taratibu hizo na kuhamia kampuni changa, ambako wazo la asubuhi huwa kwa wateja jioni. Wanaobaki hupata kitu kingine: kujifunza kutoka kwa wakubwa waliokwisha kuona mifumo ikianguka, na kufanya kazi ambayo kosa lake dogo huwafikia watu wengi kwa mara moja. Malipo ya uzoefu huo huonekana polepole.

Daftari likikosea

Taratibu hizo zimetokana na hasara. Agosti 1, 2012, kampuni ya Marekani iitwayo Knight Capital, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, iliweka programu mpya kwenye seva zake nane. Seva moja ilisahauliwa. Soko lilipofunguliwa, msimbo wa zamani uliokuwa umelala katika seva hiyo uliamka na kuanza kununua na kuuza bila mpangilio. Kwa muda wa dakika 45 hivi, kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440, na haikuweza kusimama tena peke yake.

Hasara ya Knight ilikuwa ya fedha. Ya Posta ya Uingereza ilikuwa ya watu. Kuanzia mwaka 1999 wasimamizi wa matawi madogo ya posta walitakiwa kutumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulionesha mapungufu ya fedha ambayo wasimamizi walisema hawayajui. Kompyuta iliaminiwa, mtu hakuaminiwa. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi au udanganyifu wa hesabu. Wengine walifungwa, wengine walifilisika wakilipa madeni ambayo hayakuwapo. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya London ilikubali kuwa mfumo ulikuwa na hitilafu zilizoweza kuleta mapungufu hayo. Mwezi Mei 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja.

Kisa hicho kinamhusu kila mhandisi wa fedha wa Afrika Mashariki, kwa sababu wakala wa fedha za simu ana nafasi ileile ya msimamizi wa posta. Anategemea floti anayoioneshwa na skrini. Ikipungua, mtu wa kwanza kushukiwa ni yeye, na mara nyingi hana namna ya kuuhoji mfumo. Mhandisi anayeweka kumbukumbu kamili ya kila muamala, inayoweza kusomwa na mtu wa nje, anamlinda mtu huyo asihukumiwe kwa kosa la mashine.

Somalia: dola ndani ya simu

Nchini Somalia mzigo huo ni mkubwa zaidi, kwa sababu fedha za simu hazikuja kuisaidia fedha ya karatasi. Zilichukua nafasi yake. Mwaka 2009 kampuni ya Telesom ilianzisha ZAAD mjini Hargeisa. Mwanzoni mwa muongo uliofuata Hormuud, kampuni iliyoundwa Mogadishu mwaka 2002, ikaja na EVC Plus. Mifumo hiyo haikutumia shilingi iliyojaa noti bandia. Ilihesabu kwa dola za Marekani. Kutumiana hakukutozwa ada. Muuza chai, mfanyakazi wa bandari na mwenye duka la jumla wakawa wanalipana dola kwa simu ya kawaida ya vitufe.

Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2017 ulikuta kwamba asilimia 73 ya Wasomali wenye umri wa miaka 16 na zaidi walitumia fedha za simu, na kwamba miamala ipatayo milioni 155, yenye thamani ya takriban dola bilioni 2.7, ilipita kila mwezi. Yote hayo yalitokea kabla Benki Kuu ya Somalia haijatoa leseni hata moja ya fedha za simu. Leseni ya kwanza ilitolewa kwa Hormuud mwaka 2021.

Kwa miaka hiyo yote, basi, hakukuwa na mdhibiti wa kumkimbilia. Kilichomhakikishia mteja kwamba dola zake zipo ni uimara wa programu na uaminifu wa kampuni. Wahandisi wake pia walifanya kazi katikati ya vita. Mwaka 2010 Al-Shabaab, waliokuwa wakitawala sehemu kubwa ya kusini ikiwemo Kismayo, walipiga marufuku fedha za simu katika maeneo yao. Hakuna kitabu cha uhandisi kinachofundisha namna ya kupanga mfumo ambao mtumiaji wake anaweza kuadhibiwa kwa kuutumia.

Kutoka Kiunga hadi Burgao

Ukanda wa pwani kati ya Kiunga na Burgao unaweza kupitwa kwa mashua. Fedha ya simu ina safari ndefu zaidi. Upande wa Kenya daftari ni la shilingi, chini ya Benki Kuu ya Kenya. Upande wa Somalia daftari ni la dola, chini ya Benki Kuu ya Somalia. Ili shilingi za Lamu ziwe dola za Burgao, lazima kampuni ya kati iwe na akiba pande zote mbili, ikubali kiwango cha kubadilishia fedha kwa sekunde ileile, imtambue mtumaji na mpokeaji, na iwe na njia ya kurudisha fedha upande mmoja ukishindwa.

Hayo yote yanawezekana, na kanda hii imekwisha kuyafanya. Mwaka 2014 Tigo iliunganisha wateja wake wa Tanzania na Rwanda, na mfumo ukabadilisha fedha wenyewe. Mwaka 2015 M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania zikaanza kutumiana. Benki Kuu ya Tanzania ilikwenda mbali zaidi: wataalamu wake wa ndani walijenga mfumo wa malipo ya papo hapo, TIPS, wakitumia programu huria ya Mojaloop, ili benki na kampuni zote za simu nchini zikutane mahali pamoja. Kati ya benki, Mfumo wa Malipo wa Afrika Mashariki, EAPS, ulianza mwaka 2013 kwa Kenya, Tanzania na Uganda, kisha Rwanda.

Tofauti kati ya mifano hiyo ni kubwa. Mapatano ya kampuni mbili ni sawa na njia ya miguu kati ya mashamba mawili. Hufungwa siku wenye mashamba wakigombana. TIPS inafanana na barabara ya umma. Kati ya Kenya na Somalia zipo njia, zilizojengwa na kampuni za kutuma fedha zenye uzoefu wa miaka mingi kama Dahabshiil, iliyoanza mwaka 1970. Barabara ya umma bado.

Tena njia hizo zinaweza kuzibwa kwa siku moja. Aprili 2015, mwezi uleule seva za M-Pesa zilipohamia Kenya, magaidi waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Siku chache baadaye Benki Kuu ya Kenya ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha, nyingi zikihudumia Wasomali. Ziliruhusiwa tena mwezi Juni. Kwa miezi hiyo, familia zisizohusika na lolote zilikosa fedha za chakula na ada. Serikali ilikuwa na sababu ya kuhofia, na familia zilikuwa na haki ya kula. Mfumo unaoweza kuonesha fedha ilitoka kwa nani na kwenda kwa nani humsaidia mdhibiti kumfunga mmoja mwenye hatia bila kuwafungia wote.

Mahali penye majina sita

Hapo ndipo kazi inapokuwa ya mtu anayeijua pwani. Burgao huandikwa Burgao, Bur Gao, Burgavo na Buur Gaabo. Ramani za zamani husema Port Durnford, na Wabajuni wenyewe huiita Birikau. Fomu ya kompyuta inayotaka mteja achague mji kutoka kwenye orodha itampata mtu mmoja akiwa na makazi sita, au asiye na makazi kabisa.

Majina ya watu yana shida hiyohiyo. Mwandiko rasmi wa Kisomali, uliowekwa mwaka 1972, hutumia herufi x na c kwa sauti za Kiarabu ambazo Kiswahili hakiziandiki hivyo. Ahmed Ali wa Lamu anaweza kuwa Axmed Cali kwenye karatasi za Kismayo. Wote wawili huitwa kwa jina lao, la baba na la babu, huku fomu ikidai jina la ukoo. Programu inayolinganisha majina na orodha za vikwazo za Umoja wa Mataifa, kama haikufundishwa hayo, itafanya makosa mawili kwa pamoja: itamzuia mvuvi kwa sababu ya jina lililo la maelfu ya watu, na itampitisha anayetafutwa kwa sababu ameandikwa kwa herufi nyingine.

Vitambulisho navyo ni suala. Somalia ilizindua kitambulisho chake kipya cha taifa mwezi Septemba 2023, baada ya zaidi ya miongo mitatu bila mfumo wa kuaminika. Wabajuni, jamii ndogo iliyotawanywa na vita, wana wazee wengi ambao ushahidi wao wa uraia ni lugha yao na majirani wanaowajua. Mhandisi hawezi kuwapa vitambulisho. Anaweza kuandika mfumo unaoruhusu viwango vya kupanda ngazi, mteja asiye na karatasi zote akianza na kiasi kidogo, badala ya mlango mmoja unaofunguka wote au kufungwa wote. Wadhibiti wengi hukubali utaratibu huo ukielezwa vizuri.

Hata lugha ni uhandisi. Ujumbe mmoja wa menyu za nyota na reli hauzidi herufi 182. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na mtafsiri aliye ofisini hukata hapa na pale mpaka sentensi ienee. Mtu asiyeelewa alichoulizwa hubonyeza kwa kubahatisha, na fedha huenda kwa mwingine. Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya, lakini huduma ikivuka mpaka hubidi pia Kisomali kiwepo, na maneno yapimwe kwa wanaotumia simu za vitufe, si kwa wakubwa wa idara.

Kwa kijana anayeitaka kazi hii

Kijana wa Kismayo, Lamu au Tanga anayesoma kompyuta chuoni hana sababu ya kudhani kazi hii ni ya watu wa miji mikuu. Malango kama Daraja yana sehemu ya majaribio ambako mtu hujifunza kuunganisha malipo kwa fedha za kubuni. Mojaloop ni programu huria. Yeyote anaweza kuipakua, kuisoma na kuona namna madaftari mawili yanavyokubaliana.

Zaidi ya lugha za kompyuta, inafaa kijana ajifunze uhasibu wa msingi. Kampuni zilizokomaa huweza kumfundisha mhandisi lugha mpya ya programu kwa wiki chache. Kumfundisha heshima ya daftari huchukua muda. Ajifunze kuandika vizuri, kwa sababu nusu ya kazi ni kueleza: kumweleza mdhibiti, kumweleza mwenzake wa zamu ijayo, kumweleza wakala kwa nini floti yake imepungua. Na akae siku kadhaa kwenye kibanda cha wakala, aone watu wanavyokosea namba, wanavyompa mwingine simu awabonyezee, na wanavyopiga picha ujumbe wa uthibitisho kwa kuwa hawauamini mtandao.

Viongozi nao wana sehemu yao. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ilitiwa saini Kampala Novemba 30, 2013, ikilenga sarafu moja ifikapo 2024. Lengo hilo limesogezwa hadi 2031. Mvuvi wa Burgao hana haja ya kusubiri mwaka huo. Benki kuu za Nairobi na Mogadishu zikikubaliana kutambua vitambulisho, viwango na utaratibu wa kurudisha fedha zilizokwama, wahandisi waliopo leo, kwa programu zilizopo leo, wanaweza kuyaunganisha madaftari mawili. Kazi hiyo haitaleta sherehe wala sarafu yenye sura mpya. Itamwezesha mwenye duka wa Faza kulipa samaki asubuhi, na muuzaji kuona fedha zake zimeingia kabla mashua haijang'oa nanga, hata kama mtandao ulikatika katikati.